VISIMA VIFUPI NA NITRATI: JINSI YA KUTAMBUA MAPEMA MAJI YANAYOELEKEA KUHARIBIKA

Watu wengi huyapima maji ya kisima kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Yakiwa maangavu, hayanuki wala hayana chumvi, husema kwamba ni maji mema, na kisima hicho husifiwa mpaka vijiji vya mbali. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, maana kimewaepusha wazee wetu na mambo mengi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kipimo hicho hakikikamati hata kidogo, nacho chaitwa nitrati. Nitrati haina rangi majini, haina harufu, na kwa kadiri ionekanavyo visimani haina ladha. Tena, na hili ndilo liwashangazalo watu, maji yenye nitrati yakichemshwa hayaponi bali huzidi ubaya, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na nitrati yote hubaki chunguni. Katika somo hili nataka kueleza nitrati ni nini, humdhuru nani, na zaidi ya hayo jinsi mtu awezavyo kutambua kwa kuitazama nchi yenyewe ni kisima kipi kinachoelekea kuwa nayo.

Katika hewa tuivutayo, sehemu 78 katika 100 ni nitrojeni. Kila kiumbe chahitaji nitrojeni kwa kujenga mwili, lakini mimea mingi haiwezi kuitwaa kutoka hewani, huipata udongoni. Humo udongoni yatoka katika majani yaliyooza, samadi, mkojo na mavi ya wanyama na watu, na katika mbolea za viwandani. Vijidudu vya udongo hufanya kazi juu ya vitu hivyo mpaka mwisho wake vikawa nitrati, na nitrati ndiyo chakula kinachonywewa na mizizi ya mahindi. Basi nitrati si adui wa mkulima. Shida huanza pale inapokuwa nyingi kuliko mimea iwezavyo kunywa, au inapokuwapo wakati ambapo shambani hapana mmea wa kuinywa. Chembe za udongo wa mfinyanzi hushika vitu vingi kama sumaku ishikavyo chuma, lakini nitrati haziishiki. Mvua ikinyesha, nitrati huyeyuka yote na kushuka pamoja na maji, kimya kimya, mpaka kufika kwenye maji ya chini ya nchi ambayo sisi tunayateka kisimani.

Sasa, humdhuru nani? Mwaka 1945, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, daktari mmoja jina lake Hunter Comly alitangaza katika gazeti la chama cha madaktari wa nchi hiyo habari za watoto wachanga waliogeuka rangi. Watoto hao walitoka mashambani. Ngozi zao ziligeuka kuwa za samawati kama za watu wanaokosa pumzi, wala sababu yake haikuwa moyo. Walikuwa wakilishwa kwa chupa, na chakula chao kilichanganywa na maji ya kisima cha nyumbani. Maji hayo yalipopimwa yalionekana yamejaa nitrati.

Mambo yaendavyo mwilini ni hivi. Vijidudu vilivyomo kinywani na tumboni huigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikiingia katika damu huibadili hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachochukua oksijeni na kuieneza mwilini, isiweze tena kuichukua. Hivyo mtoto aweza kuvuta hewa safi kifuani, na huku mwili wake unakufa kwa kukosa hewa hiyo hiyo. Mtu mzima ana nguvu ya kuirudisha damu yake katika hali njema upesi; mtoto wa chini ya miezi sita bado hana nguvu hiyo ya kutosha, tena tumbo lake halina ukali wa kuvizuia vijidudu hivyo, tena hunywa maji mengi kwa kulinganisha na uzito wake. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani upesi mwilini. Mzazi na atazame midomo, ufizi, ulimi na chini ya kucha. Damu yake ikitolewa huwa ya kahawia kama chokoleti. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingojewe mpaka asubuhi. Ajabu moja ni kwamba dawa watumiayo madaktari, iitwayo methilini buluu, yenyewe ni rangi ya buluu, nayo huwarudishia rangi njema watoto waliogeuka buluu.

Baada ya habari za Comly, madaktari wa majimbo mengine walianza kuwatafuta watoto wa namna hiyo, wakawapata. Katika jimbo la Minnesota peke yake, tangu mwaka 1947 hata 1949, waliandikwa watoto 139, na 14 katika hao walikufa. Mwaka 1951 mtu aitwaye Walton alikusanya habari za majimbo mbalimbali akahesabu watoto 278, na 39 walikufa. Katika wale ambao maji yao yalikuwa yamepimwa, hakuonekana hata mmoja aliyekunywa maji yenye chini ya miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati katika lita moja. Hapo ndipo kilipotoka kipimo ambacho Marekani yakitumia hata leo. Shirika la Afya la Dunia husema miligramu 50 katika lita, lakini msomaji asidhani kwamba ni mara tano zaidi: hilo hupima uzito wa nitrati nzima, na Wamarekani hupima nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Miligramu 10 kwa hesabu ya pili ni karibu miligramu 44 kwa hesabu ya kwanza. Mwalimu atakayepewa karatasi ya majibu na aangalie kwanza ni hesabu ipi iliyotumika, maana watu wamekwisha kuogopa bure, na wengine kutulia bure, kwa sababu ya neno hilo moja.

Mtoto anyonyaye maziwa ya mama peke yake yu salama katika jambo hili, kwa kuwa nitrati inywewayo na mama haipiti kwa wingi katika maziwa yake. Anayehofiwa ni yule aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hakupata maziwa, au aliyeanzishwa uji mwepesi kabla ya wakati wake.

Basi na tuje kwenye jambo lenyewe. Je, yawezekana kujua kisima kipi kitakuwa na nitrati kabla ya kukipima? Nchi ya Marekani ina visima vya watu binafsi mamilioni, na sheria yao ya maji ya kunywa ya mwaka 1974 haikuvigusa. Kila mwenye kisima hujipimia mwenyewe, au hapimi. Kuvipima vyote haikuwezekana. Kwa hiyo Idara ya Jiolojia ya nchi hiyo, iliyoanza mwaka 1991 kuchunguza hali ya maji ya nchi nzima, ilitafuta njia ya kubashiri. Mwaka 2006 wataalamu wake wawili, Nolan na Hitt, walitangaza hesabu mbili za kubashiri nitrati: moja kwa maji yaliyo karibu na uso wa nchi, na ya pili kwa maji ya chini zaidi ambayo watu huyanywa. Msingi wa hesabu hizo waweza kuelezwa na mwalimu yeyote darasani kwa maneno ya kawaida, maana zote mbili zauliza mambo matatu: ni nitrojeni kiasi gani inayotiwa juu ya nchi? Je, nchi yairuhusu kupita? Na ikiisha kupita, je, huko chini kuna kitu cha kuila?

Kwa swali la kwanza, walihesabu mbolea iliyotiwa mashambani, samadi ya mifugo iliyofungiwa mahali pamoja, na wingi wa watu wakaao mahali. Kwa swali la pili, waliangalia namna ya udongo na mwamba, mwinuko wa nchi, na wingi wa maji yanayoingia ardhini. Udongo wa mfinyanzi huyachelewesha maji. Mchanga na changarawe huyapitisha upesi. Na mawe ya chokaa yenye nyufa na mashimo, ambayo ni ndugu ya mawe ya matumbawe tunayoyajua katika pwani yetu, huyapitisha kama mfereji. Na katika uchunguzi wa kwanza wa mwaka 1997 ilionekana pia kwamba mahali penye misitu mingi katikati ya mashamba pana nitrati kidogo kuliko mahali palipolimwa pote pote.

Swali la tatu ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa kuwa laenda kinyume cha mawazo ya watu. Kuna vijidudu vya chini ya nchi ambavyo, wakati wa kukosa oksijeni, huivuta ile oksijeni iliyofungwa ndani ya nitrati na kuiachilia nitrojeni irudi hewani ilikotoka. Kazi hiyo hufanyika mahali palipojaa maji, pasipopita hewa, penye mabaki ya mimea iliyooza. Yaani katika mabonde, kando ya mabwawa, na katika udongo mweusi mzito. Maji ya mahali hapo mara nyingi hunuka kama mayai viza, au huacha kutu nyekundu ndooni na katika nguo nyeupe. Mwenye kisima hicho huchekwa na jirani zake, walakini kwa habari ya nitrati aghalabu maji yake ni mema! Na jirani aliyechimba juu ya kilima cha mchanga, ambaye maji yake ni maangavu kama kioo na matamu, yeye ndiye apaswaye kuangalia. Sisemi kwamba maji yanukayo yanywewe. Yaweza kuwa na mabaya mengine. Nasema tu kwamba uzuri wa maji machoni si ushahidi juu ya nitrati, na mara nyingine ushahidi huo umegeuka nyuma mbele.

Kina cha kisima nacho ni neno kubwa. Maji ya juu juu ni ya mvua za karibu, nayo yana habari za mambo tuyafanyayo sasa. Maji ya chini sana ni ya mvua za zamani, nayo yana habari za mambo waliyoyafanya waliotutangulia. Ndiyo sababu kisima kirefu aghalabu huwa na nitrati kidogo. Lakini hiyo si ahadi ya milele. Katika sehemu za Uingereza zenye mwamba wa chaki, maji hushuka polepole, karibu mita moja kwa mwaka, na nitrati ya mashamba yaliyolimwa na kutiwa mbolea miaka mingi iliyopita ingali njiani, haijafika yanapotekwa maji. Hata wakulima wakiacha leo kutia mbolea, maji yaweza kuendelea kuharibika kwa miaka mingi. Mtu asiyejua jambo hili atasema kwamba amri ya kupunguza mbolea haikufaa kitu.

Hesabu hizo za Marekani zilikuwa na usahihi gani? Ile ya maji ya juu iliweza kueleza karibu sehemu 80 katika 100 za tofauti zilizoonekana, na ile ya maji ya kunywa karibu 77. Ni kazi nzuri. Lakini yapasa kuelewa kwamba visima vilihesabiwa kwa makundi, kwa wastani wao, wala si kisima kimoja kimoja. Ramani iliyotoka humo husema, “Wilaya hii ina hatari kuliko ile.” Haisemi neno juu ya kisima kilicho nyuma ya nyumba yako. Visima viwili vilivyoachana hatua hamsini vyaweza kutofautiana kabisa, kwa sababu kimoja kimejengewa mdomo na kingine maji ya mvua huingia kwa ubavuni, au kwa sababu zizi la ng'ombe liko upande wa juu wa kimoja. Kwa hiyo ubashiri hufaa kwa kuchagua ni visima vipi vipimwe kwanza pale ambapo fedha ya kuvipima vyote haipo.

Huenda msomaji akasema kwamba habari hizi ni za wenye mashamba makubwa ya mahindi na magunia ya mbolea, si za kwetu. Ni kweli kwamba katika vijiji vyetu vingi mbolea ya viwandani hutiwa kidogo kuliko huko. Lakini nitrojeni haiulizi ilikotoka. Huku kwetu yatoka zaidi katika vyoo vya shimo na maboma ya mifugo. Katika mji wa Kisumu, kwenye mitaa ya Manyatta na Migosi, ambako watu huchimba visima vifupi kati ya nyumba zilizobanana, wataalamu walihesabu vyoo vilivyomo katika duara la mita 100 kukizunguka kila kisima, kisha wakayapima maji. Katika taarifa yao ya mwaka 2013 walionyesha kwamba vyoo vikizidi wingi, nitrati nayo ilizidi. Vijidudu vitokanavyo na kinyesi havikufuata kanuni hiyo. Kwa maoni yangu jambo hilo halishangazi sana: vijidudu vyaweza kuingia kwa ndoo chafu na kwa mdomo wa kisima usiofunikwa, na udongo huvichuja kwa sehemu, nitrati huja kwa njia ya ardhi, wala haichujwi.

Hapa nataka kuzuia kosa moja. Asije mtu akasimama barazani akasema, “Basi tuache vyoo, maana vyaharibu maji.” Kipindupindu na homa ya matumbo huua watu wengi kuliko nitrati, na choo ndicho kinga yake. Linalotakiwa ni kwamba choo kiwe upande wa chini wa kisima na mbali nacho. Watu wa afya mara nyingi hutaja mita 30, na kipimo hicho chafaa kwa ajili ya vijidudu, ambavyo hufa na kuchujwa njiani. Kwa nitrati, katika udongo wa mchanga na mahali penye vyoo vingi, mita 30 si kinga.

Kadhalika nchi ina kumbukumbu. Mahali palipokuwa boma la ng'ombe hubaki na rutuba kwa makumi ya miaka baada ya wenyewe kuhama. Majani yake huwa ya kijani kuliko ya pembeni, na wazee hupajua. Ni mahali pazuri pa kulima mboga, na ni mahali pabaya pa kuchimba kisima. Kabla ya kuchagua mahali, waulizwe wazee palikuwa na nini hapo zamani. Swali hilo halina gharama, na hakuna ramani ya Serikali inayoweza kulijibu.

Neno jingine ni majira. Mwaka 1958 mtaalamu aitwaye Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, nchini Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukilowanishwa tena, vijidudu vyake huamka kwa nguvu na kutoa nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Jambo hilo latajwa kwa jina lake duniani kote mpaka leo. Mkulima apandaye mapema hufaidi, kwa kuwa mahindi yake yanakuwa na mizizi tayari wakati nitrati hiyo ingaliko juu. Achelewaye huiacha ishuke na mvua, naye hupata hasara mara mbili: chakula cha mimea kimepotea, nacho kimekwenda kisimani. Kwa ajili hiyo hiyo kipimo kimoja cha wakati wa kiangazi hakitoshi. Kisima kifupi kipimwe katika kiangazi, na tena mvua zikiisha kushika vizuri, maana nitrati yaweza kupanda wakati huo.

Kazi hii mwalimu aweza kuianza na wanafunzi wa madarasa ya juu. Na wachore ramani ya kijiji, waandike kila kisima na kina chake, kila choo, kila zizi la sasa na la zamani, mashamba yatiwayo samadi au mbolea, na mshale wa kuonyesha mwinuko unakoelekea. Wachimbaji waulizwe walikuta udongo gani, mchanga au mfinyanzi, na kwa kina gani. Kisha kila mwanafunzi aandike, kabla ya kipimo chochote, ni visima vipi anavyodhani vina nitrati nyingi, na sababu zake. Baadaye maji yapimwe. Viko vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, ambavyo vikichovywa majini hugeuka rangi ya waridi kwa kadiri ya nitrati iliyomo. Si sahihi kama kipimo cha maabara, lakini vyatosha kutenga visima vya kuhofiwa na visivyo vya kuhofiwa. Vile vinavyoonyesha rangi kali maji yake yapelekwe kwa watu wa maji wa wilaya yapimwe upya.

Kisima kikionekana kuwa juu ya kipimo, si lazima kifukiwe. Watu wazima waweza kuendelea kukitumia kwa kufua, kuoga na kunywesha mifugo mizima, ikiwa nitrati haikupita kiasi sana, na maji yake yakimwagiliwa bustanini huirudishia mimea chakula kilichopotea. Kwa mtoto mchanga asiyenyonya, na kwa mama mwenye mimba, yatafutwe maji mengine: ya kisima kirefu kilichopimwa, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchemshwa kwa ajili ya vijidudu. Dawa ya klorini, kitambaa cha kuchujia na chupa za kuanikwa juani zote zafaa kwa vijidudu, lakini haziondoi nitrati. Na majibu ya kila kipimo yaandikwe katika daftari moja litakalokaa shuleni au kwa mkubwa wa kijiji, pamoja na tarehe, kina cha maji siku hiyo, na hesabu iliyotumika, kama ni ya nitrati nzima au ya nitrojeni tu.